Picha za Ejo

Ukitaka kumkasirisha Pasikali siku zile, mwambie harusi ni picha mbili tatu za kuchomeka kwenye albamu ya maua ya dukani. Angekuacha umalize, kisha angekukalisha kwenye kile kiti chake cha plastiki, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu Kasulu aliyewahi kuyaona, akakufungulia kompyuta. Hapo ujue umekwisha. Huondoki mpaka umekubali kwamba albamu ni kitabu, na kitabu lazima kiandikwe.

Chumba chake kilikuwa jirani na stendi ya Kasulu. Mwaka huo wa 2014 ni yeye peke yake, kwa upande wetu wote huu, aliyedizaini albamu za harusi: jalada gumu, kurasa nene zisizokunjika, kila ukurasa umepangwa kwa ajili ya maharusi hao na si wengine. Alipanga picha kwenye kompyuta, akazituma Mwanza kwa basi, huko zikasafishwa na kufungwa kitabu, zikarudi na basi hilo hilo zimejaa vumbi mpaka ndani ya boksi. Alikuwa na maneno mengi, na majivuno kidogo, lakini kazi aliijua. Hata waliokuwa wakimsema walimpelekea binti zao.

Na alikuwa na swali lake moja. Kabla hajagusa kitu chochote, aliwauliza maharusi, "Mkifungua ukurasa wa kwanza, mnataka mkutane na nani?" Wengi walijibu mume wangu, mke wangu, kwa kuwa mwenyewe amekaa pale pembeni ametega sikio. Pasikali alicheka moyoni akaandika.

Dorcas wa Munanila alijibu, "Mama." Hakufikiri hata kidogo. Mchumba wake Niyonsaba, aliyekuwa akiuza maharage na chumvi kule Mabamba, Kibondo, mpakani na Burundi, wala hakununa.

"Ni sawa," alisema. "Mama yake ndiye aliyenipa."

Dorcas alikuwa mtoto pekee wa mzee Nkunzimana na mama Esteri. Wazee hao waliletwa migongoni mwa wazazi wao waliokimbia mauaji ya Burundi, mwaka ule wa sabini na mbili, wakakulia huku, wakaoana huku, wakalima kahawa na maharage Munanila mpaka wakapigwa picha za vyeti vya uraia kama watu wengine. Mama Esteri alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa titi. Alichelewa kuusema, na alipousema walimpeleka hospitali wakaambiwa maneno ambayo mzee hakuyarudia mbele ya mtu. Ndiyo maana harusi ilifanywa haraka. Kila mtu kwenye kamati alijua, na hakuna aliyesema.

Ijumaa ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nyumbani kwao Munanila. Pasikali alifika mapema na kamera moja na kadi moja, maana kadi ya pili ilikuwa imekufa wiki hiyo hiyo, ikawa inakubali picha kisha inazimeza. Alikuta mama Esteri amekalishwa kwenye kiti cha mito, amevaa kilemba cha njano na kitenge kilichomfunika mpaka vidoleni. Mama akampungia mkono asogee.

"Kijana wa picha. Unajua kumpiga mtu aonekane mzima?"

"Mama, utaonekana mzima kuliko mimi."

"Usinidanganye, mimi mtu mzima." Akavuta pumzi. "Nipige vizuri. Mabamba ni mbali, mimi sifiki kwa gari wala kwa miguu. Nitafikia humo humo kwenye kitabu chenu. Mwanangu akinitamani, ananifungua."

Pasikali, mtu wa maneno, alijishughulisha na kamba ya kamera. Aliitikia tu kwa kichwa.

Na kweli siku hiyo alipiga kama hajawahi kupiga. Ulipofika wakati wa kumkabidhi binti, mama Esteri alikataa kusaidiwa, akasimama. Kwetu mama humpa binti anayeondoka gaseke, kile kikapu kidogo cha kusuka chenye mfuniko, ndani akiwa ametia mbegu za shambani kwao. Dorcas alipiga magoti. Mama aliinama na gaseke yake, kilemba cha njano kikashika mwanga wa jioni, akamtazama mwanawe. Pasikali akabonyeza, akabonyeza tena. Alijua papo hapo kwamba ukurasa wa kwanza ameshaupata.

Kisha mama alianguka. Magoti yalimwishia, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya wageni wote, kilemba kikamwegemea upande. Mshereheshaji akazima muziki. Mzee Nkunzimana alivua koti lake akamfunika mkewe, wakamnyanyua yeye na shemeji yake Josepha, wakampeleka ndani, na uso wa mzee siku hiyo ulikuwa uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Pasikali aliuona. Kumbe ndiko kulikomponza, kuuona ule uso.

Pasikali alilala huko huko, usiku wote Munanila hapakuwa na umeme, kompyuta aliyokuja nayo ikaishiwa chaji, kwa hiyo picha za Ijumaa zilibaki kwenye kadi. Jumamosi asubuhi, magari yakiwa yanaunguruma kwenda kanisani, mzee Nkunzimana alimpitia Pasikali pale uani anafuta lenzi. Alikuwa na haraka, tai imemkaa vibaya, macho mekundu. Mama Esteri alikuwa ndani, hawezi kuamka, asingefika kanisani.

"Kijana," mzee alisema, "piga za leo. Za ejo achana nazo."

"Sawa mzee. Nimekuelewa."

Pasikali alijiona ameelewa hasa. Za jana. Mzee hataki watu waje kumtazama mkewe amekaa vumbini. Angekuwa yeye, je, angetaka? Na kanisani, kabla ya viapo, kamera ikamwambia kadi imejaa. Maharusi wamesimama, mchungaji amefungua kitabu, matarumbeta yako mlangoni. Pasikali hakusita. Alizichagua za Ijumaa zote akazifuta, akarudi kwenye kazi. Harusi nzuri, picha nzuri, kwaya nzuri. Alirudi nyumbani Kasulu anapiga mluzi.

Jumapili alidamka akarudi Munanila na kamera yake, aende na msafara kumfikisha bibi harusi kwa wakwe Mabamba. Mzee Nkunzimana alimtazama kama mtu aliyeona mgeni asiyealikwa.

"Wewe tena? Si tuliongea?"

Gari lilikuwa limejaa, watu wanapigana vikumbo, Pasikali akadhani mzee amechanganyikiwa na uchovu. Akarudi zake na pikipiki. Hakulifikiria tena.

Mwezi haukuisha, mama Esteri akafariki.

Dorcas alizika, akakaa matanga, akarudi kwa mumewe. Halafu siku moja akatokea studio peke yake, amekonda, kitambaa cheusi kimefungwa kichwani, vumbi la njia ya Kibondo limemkaa kwenye nyusi. Mkononi ana karatasi aliyoikunja kunja. Alikuwa amechora albamu yake. Visanduku vya kalamu ya risasi, kila kimoja na neno lake: hapa kanisa, hapa keki, hapa baba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kisanduku kimoja tu kilichojaa karatasi nzima.

"Hapa nataka ile ya gaseke," alisema. "Iwe kubwa. Usiweke maua, usiweke mawingu, usiweke maandishi. Mama tu. Mimi Mabamba sina picha yake, Pasikali. Simu yangu ni ya tochi. Nyumbani tuna ile ndogo ya uraia, na ile baba hataki itoke."

Pasikali aliipokea ile karatasi. Angesema pale pale, mambo yangekuwa mengine. Akasema, "Nazipanga. Nipe muda."

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na hapo ndipo mimi humkasirikia kila ninapoisimulia habari hii. Maana bado alikuwa na kisingizio chake mfukoni. Alijiambia, kumbe mzee hakumwambia binti yake kwamba amezikataa. Hayo ni yao. Yeye alitumwa akafanya. Wiki zikapita, Dorcas akipiga simu kutoka Mabamba, mtandao wa Burundi ukiingilia na kukata, Pasikali anajibu bado, bado kidogo, Mwanza wana foleni.

Mkewe Pasikali alikuwa mwalimu Herieth, Mpare wa Same, aliyeletwa na ajira shule ya msingi hapo Kasulu akakutana na maneno ya Pasikali akabaki. Mchana mmoja anasahihisha madaftari mezani, simu ya Dorcas imepigwa mara tatu haijapokelewa, akamuuliza mumewe, "Huyo mtoto aliyefiwa unamkimbia nini?"

Pasikali akamweleza. Kwa sauti ya mtu anayejitetea, akamweleza yote, mama alivyoanguka, uso wa mzee, kadi ilivyojaa. "Na mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Aliniambia, za ejo achana nazo. Sasa kosa langu liko wapi?"

Herieth hakuinua hata kichwa. "Ejo si kesho?"

"Nini?"

"Wanafunzi wangu wakisema ejo ni kesho. Mwalimu, tutaleta kuni ejo. Mimi najua ejo ni kesho."

Kwa asiyejua, huku kwetu ejo ni jana na ejo ni kesho. Neno ni moja. Ukizungumza Kiha chenyewe, au Kirundi, kitenzi kinakuonyesha unakwenda au unarudi, wala hakuna anayepotea. Balaa ni ukilichomoa neno hilo ukalitupia kwenye Kiswahili kama tunavyofanya kila siku. Hapo linabaki peke yake, halina wa kulishika mkono. Muha yeyote amewahi kukosa basi au kikao kwa sababu yake, akacheka, yakaisha.

Pasikali hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na Jumapili ile ikamrudia nzima nzima. Wewe tena? Si tuliongea? Mzee alikuwa anamwambia asihangaike na safari ya Mabamba. Za kesho, achana nazo. Pengine wakwe walikuwa na mpiga picha wao. Hilo tu. Mzee hakumwonea aibu mkewe hata kidogo. Aibu ile Pasikali aliitunga mwenyewe, akaiamini, akafuta.

"Herieth," alisema, "nimemuua yule mama mara ya pili."

Mkewe aliweka kalamu chini.

Kuanzia hapo mtu huyu hakulala. Chakula kikawa kinarudi na sahani yake. Aliitoa ile kadi, ambayo tangu harusi alikuwa ameshaipigia vipaimara viwili na mahafali, akaikimbiza kwa Abdalah, fundi simu wa sokoni, kijana mwenye kompyuta iliyofunguliwa matumbo na programu za kila namna. Abdalah alimsikiliza akasonya.

"Kaka, umepigia juu yake?"

"Nimepigia."

"Basi ni kama mtu amejenga nyumba juu ya kaburi. Naweza kuchimba, ila sikuahidi mifupa."

"Chimba."

Abdalah alichimba siku nzima. Pasikali alikaa kwenye kigoda pembeni yake ametazama ule mstari wa kijani unavyotambaa, umeme ukikatika wanaanza upya, umeme ukikatika wanaanza upya. Vikatoka vipande: mguu wa kiti, paa la turubai, mtoto asiye na uso, picha tupu, picha tupu. Jioni ikatoka moja, Abdalah akamgeuzia kioo.

Picha hufunguka kutoka juu kwenda chini, na hiyo ilifunguka mpaka ilipoweza. Juu palikuwa na turubai na majani ya migomba ya mapambo. Kikafuata kilemba cha njano chenye mwanga wa jioni. Paji la uso. Macho ya mama Esteri, yametazama chini, yamejaa machozi. Kisha, chini ya macho, pakakatika. Kijivu kitupu mpaka mwisho. Hakuna pua, hakuna mdomo, hakuna mikono, hakuna gaseke, hakuna Dorcas aliyepiga magoti. Mama alikuwa anamtazama mtu ambaye hayupo tena kwenye picha.

"Ndiyo hiyo," Abdalah alisema. "Nyingine hakuna. Pole sana kaka."

Pasikali aliibeba ile nusu nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Na badala ya kwenda nayo Munanila asubuhi iliyofuata, shetani wa ufundi akamnong'oneza: wewe si unajua kudizaini? Umeshawafungua macho mabwana harusi waliofumba, umeshawaondoa walevi nyuma ya maharusi, umeshampunguza tumbo diwani mzima. Nusu ya mwanamke itakushinda?

Alipanga uongo wake vizuri. Alikwenda Munanila mchana, siku ambayo mzee yuko shambani, akamkuta Josepha, mdogo wake marehemu, aliyehamia pale kumtunza shemeji yake. Akamwambia anahitaji picha ya mfano kwa ajili ya mapambo ya albamu: avae kile kitenge cha marehemu, ashike gaseke, ainame kidogo. Josepha ni mtu wa roho nyeupe. Alivaa, akainama, machozi yakamtoka bila kuambiwa. Kisha Pasikali akaomba aione ile picha ndogo ya uraia kwa dakika moja, akaipiga na kamera pale pale dirishani, akairudisha kwenye Biblia ya mzee ilikokuwa.

Siku zilizofuata alifunga mlango wa studio. Watu wanagonga, hafungui. Kilemba na macho akavitoa kwenye ile nusu. Pua na mdomo akavitoa kwenye picha ya uraia, ambapo mama ameambiwa asicheke, na yeye akauinua mdomo pembeni kidogo kidogo mpaka ukaanza kutabasamu. Kiwiliwili na mikono, vya Josepha. Dorcas akamtoa kwenye picha za kanisani alipopiga magoti kubarikiwa, akamvua shela, akambadilishia rangi ya gauni. Akaumba vumbi, akaumba kivuli, akaumba mwanga wa jioni. Herieth alipochungulia aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Amependeza," alisema. "Lakini Pasikali, mwambie kwanza. Ukishamwambia, ndiyo umwonyeshe."

"Nikimwambia atauliza kwa nini nilizifuta. Nikisema kwa nini, nimemtaja baba yake. Mzee amefiwa juzi, nimwendee nimwambie neno lako ndilo lililomfuta mkeo?"

"Kwa hiyo unamlinda mzee."

"Ndiyo."

Wote wawili walijua ni nani anayelindwa.

Dorcas alikuwa amekuja kwa baba yake kwa ajili ya kile kikao cha ndugu cha kufunga msiba. Pasikali alipiga moyo konde akaenda na kompyuta begani, ili waipitie albamu pamoja kabla haijaenda Mwanza. Aliwakuta sebuleni: mzee Nkunzimana kwenye kile kiti cha mito alichokalia marehemu siku ya sendofu, Josepha sakafuni anachambua maharage kwenye ungo, Dorcas karibu na dirisha. Pasikali akafungua.

Ukurasa wa kwanza ukajaa kwenye kioo.

Dorcas alishika mdomo. Alisogea mpaka pua ikakaribia kuigusa kompyuta, na machozi yakamshuka bila kelele. "Mama," alisema. "Mama wee. Baba, njoo umwone." Mzee akasogea, akatazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema ego, ego, ndiyo, ni yeye. Pasikali alisikia damu inaanza kumrudia mwilini. Alidhani amepona. Kwa muda wa kumeza mate, alidhani amepona.

Kisha kidole cha Dorcas kikaanza kutembea juu ya kioo. Kilipita kilemba, kikapita macho, kikashuka begani, kikafika mikononi. Hapo kikakaa.

"Hii ni nini?"

"Gaseke," alisema Pasikali.

"Naiona gaseke. Nauliza hii mikono." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mama mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Vidole havifungiki. Ndiyo maana alijifunika kile kitenge, hakutaka watu wauone. Gaseke hakuwa ameishika, Pasikali. Mimi ndiye niliyeishika kutokea chini, nikambebea, watu waone kama ananipa yeye. Aliniambia kwa mdomo bila sauti, shika, shika, isianguke. Tulikuwa tunajua sisi wawili tu." Akainua uso. "Hii mikono yenye nguvu ni ya nani?"

Ungo wa Josepha ulinyamaza. "Ni yangu," Josepha alisema. "Aliniambia ni ya mfano."

Wote wakamtazama Pasikali. Alipoanza kusema, alisema vipande vipande kama ile kadi yenyewe.

"Nilizifuta. Za sendofu zote. Kadi ilijaa kule kanisani. Nisamehe, Dorcas. Nilizifuta."

"Kwa nini za mama?" Dorcas hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. "Kulikuwa na za kwaya. Kulikuwa na za magari. Ulipiga magari mengi sana, niliyaona. Kwa nini za mama?"

Hapo jibu lilikuwa mdomoni mwake. Neno moja tu, lingemtoa kitanzini. Alimtazama mzee Nkunzimana, akaona shingo ile iliyokonda ndani ya kola ya shati, akalimeza.

"Ni ujinga wangu," alisema.

Lakini mzee alikuwa amekunja uso, anatafuta kitu mbali. Aliuliza polepole, "Asubuhi ile uani, mimi nilikuambia nini?"

"Mzee, tuyaache."

"Nakuuliza. Nilikuambia nini?"

Pasikali aliinamisha kichwa. "Ulisema nipige za leo. Za ejo niachane nazo."

Midomo ya mzee Nkunzimana ilicheza, anaigeuza ile ejo huku na huku, mbele na nyuma, mpaka ikamwonyesha upande aliouona Pasikali. Walimwona ikimfikia. Alirudi kwenye kiti cha marehemu, hakukaa, alishika tu ile mito.

"Nilisema za Mabamba," alisema. "Nilisema za Mabamba, usichoke bure na safari. Yoo, Esteri." Akamgeukia binti yake. "Mwana wanje, mwanangu, ni mimi. Mama yako nimemfuta mimi, kwa mdomo wangu."

Dorcas alisimama katikati ya chumba. Alimtazama baba yake, akamtazama Pasikali, na hasira yake ikakosa mahali pa kutua. Alitaka kumpiga mtu. Hakukuwa na wa kumpiga. Alikaa chini sakafuni pale pale kwenye maharage ya Josepha akalia kama siku ya mazishi, na mzee akalia amesimama, na Pasikali akabaki na kompyuta yake iliyowaka, mama Esteri wa bandia anawatabasamia wote.

Walipotulia, ni Dorcas aliyeuliza. "Macho umeyatoa wapi? Haya macho ni yake. Haya hujayatunga."

Pasikali akamfungulia ile nusu. Turubai, majani ya migomba, kilemba cha njano, paji la uso, macho. Kisha kijivu. Alitegemea Dorcas ageuze uso. Dorcas aliitazama mpaka kioo kikataka kuzima, akakigusa kiendelee kuwaka.

"Ananiangalia mimi," alisema. "Niko hapo chini."

"Ndiyo. Ulikuwa hapo chini."

"Ananiambia nishike." Akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Weka hii. Ukurasa wa kwanza, mzima."

"Na hicho kijivu? Naweza kukikata, ibaki kilemba na macho. Au nikiwekee kitambaa, nikiwekee..."

"Usiweke kitu. Usikate. Kiache kama kilivyo. Mikono iko humo, mimi najua iko humo."

Josepha alisema albamu yenye ukurasa wa hivyo watu wa Mabamba wataishangaa, watasema imeharibika. Dorcas akamjibu, waseme. Mzee Nkunzimana alichukua Biblia, akaitoa ile picha ndogo ya uraia ambayo hakutaka itoke, akampa binti yake bila kumtazama.

Pasikali alifunga begi. Ile picha ya kutunga aliifuta mbele yao, na safari hii hakuna aliyemtuma. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa mazoea tu ya mtu anayeaga wateja wake.

"Nitaupanga upya muuone, kabla haujaenda Mwanza," alisema. "Nitakuja nao ejo."

Lilimtoka kabla hajalishika. Mzee Nkunzimana aliinua uso, macho yamemvimba, akamtazama yule kijana bila hasira yoyote.

"Kesho," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuongea. "Sema kesho, mwana wanje."

Pasikali akasema kesho.